Mapigo Ishirini na Tano

Kwa jina lake Mola aliyeyapanga mapigo ya moyo kabla ya kuumba kifua cha kuyabeba, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, aliyetufunza kutanguliza salamu mbele ya maneno. Yeye Mola ndiye tunayemwomba aulinde ulimi wa msimulizi, usizidishe wala usipunguze. Baada ya hayo, kisa chenyewe ni hiki.

Mwaka wa elfu moja mia tano na thelathini wa Hijra, huko Lushoto katika milima ya Usambara, palikuwa na jengo refu la mawe lisilo na dirisha hata moja. Watu waliliita Nyumba ya Mapigo. Ukungu wa mlimani uliingizwa humo kwa mabomba mapana, ukapita kati ya mitambo mia tatu iliyosimama safu kwa safu kama maamuma nyuma ya imamu, ukaipoza, kisha ukatoka upande wa pili hali ya kuwa ni hewa kavu ya vuguvugu. Wanawake wa jirani walianika maharage yao kwenye hewa hiyo, na waliisifu mitambo kwa jambo hilo kuliko kwa jingine lolote.

Kazi ya mitambo ilikuwa kuwachezesha watu. Ndani yake mlikuwa na bonde lisilokuwa duniani, lililoitwa Bonde la Mfereji, na watu elfu arobaini waliingia humo kila siku kwa vioo vyao vya mkononi, kutoka Tanga, Moroni, Muskati, na hata Mwezini. Kila mmoja alikuwa na shamba lake, lakini mfereji ulikuwa mmoja na maji yaligawanywa kwa zamu, kama walivyogawana wazee wa milimani tangu hapo. Wa juu hufungua lango lake; akishamaliza hulifunga, ndipo wa chini yake naye afungue.

Asiyejua angedhani kwamba watu hao wote walitazama bonde lile lile. La. Kila kioo kilikuwa na nakala yake ya bonde. Asili ilikuwa moja tu, nayo ilikaa Lushoto, ndani ya mtambo-mwamuzi. Mchezaji akigusa lango, kioo chake kilipeleka ombi lenye mhuri wa saa. Mwamuzi alilipokea, akalipima, na mara ishirini katika kila sekunde aliwatangazia wote hali ya bonde ilivyo. Tangazo moja la namna hiyo ndilo lililoitwa pigo. Na kwa kuwa ombi la mtu wa mbali huchelewa njiani, mwamuzi hakuhukumu kwa saa ya kufika, alihukumu kwa saa ya mhuri. Aliirudisha hali ya bonde nyuma hadi wakati ule, akatazama nani alimtangulia nani, kisha akakata shauri. Kwa hiyo mtu wa Moroni hakudhulumiwa haki yake kwa sababu ya bahari iliyo kati.

Sasa tuwapange wenye kisa kwa heshima zao. Wa kwanza ni Mzee Abdurabi Shebughe wa kijiji cha Mtae, mgane wa miaka themanini na miwili, aliyekuwa fundi wa mifereji ya kweli kabla mgongo haujamkatalia. Wa pili ni Hiza, mwanawe wa pekee, mchimba barafu wa Mwezini, aliyekuwa akiukamilisha mwaka wake wa nne huko. Wa tatu ni Mhandisi Zaituni Mahimbo, mlinzi wa mtambo-mwamuzi, ambaye moyo wake ndio tutakaoufuata. Wengine wawili watapita: Bi Mwantumu, dada yake Mzee Abdurabi, na Bwana Kilua, mkuu wa Nyumba ya Mapigo.

Baba na mwana walipakana mashamba katika Bonde la Mfereji. La Hiza lilikuwa juu, la baba yake chini, na kila siku baina ya alasiri na magharibi walikutana humo. Habari kutoka Usambara hadi Mwezini huchukua sekunde moja na robo, nao ni muda wa mapigo ishirini na tano. Mzee Abdurabi alikuwa ameuhesabu muda huo kwa vidole vyake mwenyewe, na aliutumia vibaya. Kila siku, zamu ya Hiza ikikaribia kwisha, mzee alifungua lango lake mapigo ishirini na tano kabla ya wakati, akijua kuwa mwanawe hataliona mpaka maji yamekwisha kuingia shambani. Kisha alighani:

*Maji yangu nayachota, kijana hajatambua;*
*Habari ikimpata, shamba limeshachipua.*

"Baba! Umeniibia tena!" Hiza alipiga kelele kutoka Mwezini, na kelele hizo nazo zilichelewa.

"Nishitaki," mzee alijibu.

Naye alimshitaki. Mwamuzi alirudisha saa nyuma, akamwona mzee ana kosa, akaamuru maji yarejeshwe kesho yake. Kesho yake mzee aliiba tena. Kwa miaka mitatu na nusu hakuna wachezaji wawili walioandikiwa mashitaka mengi kama wao.

Mhandisi Zaituni ndiye aliyebuni kivuli. Njia ya angani hukatika mara kwa mara, na zamani ilipokatika, mchezaji wa mbali aliganda katikati ya bonde, mguu mmoja juu, mpaka njia irudi. Jambo hilo liliwakera watu. Basi Zaituni aliufundisha mtambo kujifunza mazoea ya kila mchezaji, namna anavyotembea, anavyofungua lango, anavyotoa salamu. Njia ikikatika, kivuli kilishika nafasi ya mwenyewe na kuendelea kwa mwendo wake na kwa sauti yake, na mwenyewe akirudi, kivuli kilimpisha. Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, hakukifundisha kosa lolote la mwenyewe. Kivuli hakikutukana na hakikupora zamu ya mtu.

Mwanzoni kivuli kiliruhusiwa sekunde tatu tu. Baadaye Bwana Kilua aliagiza mashamba mia moja yajaribiwe kivuli kirefu, kisicho na kikomo, madhali kioo cha mchezaji kiko wazi. Baada ya miezi miwili Zaituni alifungua daftari la mashitaka, akaona yamepungua hadi karibu kwisha. Akateremsha kidole hadi jina la Shebughe. Siku arobaini na tatu, shitaka hata moja hakuna.

Alifurahi mno. Aliandika taarifa kwamba kivuli kirefu kimeleta suluhu hata kati ya wagomvi wakubwa wa bonde, na Bwana Kilua akaisoma akicheka.

"Alhamisi tunakifungua kwa bonde zima mbele ya Baraza," alisema. "Nenda Mtae, mhandisi, ukamwalike huyo mwizi aliyetubu. Mpe kiti cha mbele."

Jumanne baada ya alasiri Zaituni alipanda kiberenge cha waya kilichovuka mabonde hadi Mtae. Bi Mwantumu alimpokea mlangoni, mwiko mkononi.

"Shikamoo, mama. Natoka Nyumba ya Mapigo."

"Marahaba. Mmekuja kumkamata hatimaye? Mngewahi. Sasa ni mzee, hata mkimfunga hamtafaidi kitu."

Mzee Abdurabi alikuwa ukumbini, ameketi juu ya mkeka, akipukuchua maharage ndani ya ungo. Kioo chake kilikuwa rafuni, nyuma ya mtungi, kimefunikwa nusu kwa kitambaa. Ndani ya kioo mchezo uliendelea. Maji yalimetameta, umbo la Hiza lilishuka kwenye kingo za mfereji, nayo sauti yake ikasema, "Asalamu alaikum, Baba."

Mzee hakuinua kichwa. Aliendelea kupukuchua.

"Waalaikumu salamu, mwanangu," ikaitikia sauti yake mzee, lakini haikutoka kinywani mwake. Ilitoka rafuni.

Zaituni alisimama pale pale. Sauti ile aliitengeneza yeye.

"Baba," alisema polepole, "mbona huchezi?"

Mzee aligeuza uso kuelekea sauti ya mgeni, akamkosa kwa kiasi cha hatua moja. Ndipo Zaituni alipoyaona macho.

"Nani huyu, Mwantumu?"

"Mtu wa Mapigo. Nilikwambia siku moja watakuja."

"Karibu uketi, binti. Usikalie ungo." Alitabasamu. "Mshipa wa macho umekauka. Daktari alisema ukishakauka haurudi, nami nikamshukuru Mola kwa ile miaka themanini aliyoniachia wazi. Siku ya kwanza niliyoshindwa kuliona lango, nilikiweka kioo chini nikalia kidogo. Kisha nikasikia mchezo unaendelea. Nikasikia mimi mwenyewe natembea humo! Nikasema, alhamdulillahi, kijana hatajua."

"Kwa nini asijue?"

"Akijua ataacha kazi aje. Amebakiza miezi mitatu ya mkataba wake, halafu anarudi moja kwa moja. Kwa nini nimtie wasiwasi huko juu, ambako mtu akivuta pumzi ovyo anakufa? Mwache amalize. Miezi mitatu nitaimudu." Akanyoosha mkono hewani, na Zaituni akaushika. "Nakuweka amana, mwanangu. Usimwambie."

"Nami ananiweka amana ya kula chakula kimepoa," alisema Bi Mwantumu, "maana hanyanyuki hapo mpaka magharibi. Hachezi, lakini lazima akae akisikilize. Sauti ya mwanawe, anasema."

Zaituni hakumwambia habari ya kiti cha mbele. Alikunywa chai ya tangawizi, akaaga, na katika kiberenge alikaa amefumba macho njia nzima.

Aliporudi ofisini aliomba njia ya sauti hadi Mwezini, akampata Hiza. Mazungumzo ya umbali ule yana desturi yake. Mtu husema neno lake lote, kisha hungoja sekunde mbili na nusu, asimkatize mwenziwe. Zaituni alisema kuwa anawajulia hali wachezaji wa majaribio. Akauliza Hiza anauonaje mchezo siku hizi. Akangoja. Sekunde mbili na nusu zikapita, na nyingine tena, na nyingine.

"Dada yangu," ilifika sauti ya Hiza, "kama umeniuliza hivyo, basi unajua. Sijacheza tangu mwezi uliopita. Nakifungua kioo, nakiacha kitandani, nakwenda zangu kazini. Kivuli kinacheza. Mwenzetu wa kisima cha pili aliugua akarudishwa, na hapana wa kushika nafasi yake, nikatia sahihi miaka miwili mingine. Baba anahesabu siku. Nikisimama mbele yake sauti yangu itanisaliti; ananijua hata nikikohoa. Basi nikasema, acha apate cha kumfurahisha wakati nikitafuta maneno. Maneno sijayapata mpaka leo. Nakuomba, dada, usimwambie."

"Nimekusikia," alijibu Zaituni, akaifunga njia ya sauti.

Aliifungua kumbukumbu ya mapigo. Mtambo huandika kila ombi na chanzo chake, la mkono au la kivuli, lakini safu hiyo ya chanzo hakuwa ameitazama hata siku moja, kwa kuwa alikuwa akitafuta mashitaka. Sasa aliisoma. Siku arobaini na tatu, kwa upande wa Mtae, mkono haukugusa kioo. Siku arobaini na tatu, kwa upande wa Mwezini, mkono haukugusa kioo. Vivuli viwili vilikutana kila alasiri, vikagawana maji kwa haki isiyo na dosari, vikaagana. Salamu themanini na sita zilitolewa na kuitikiwa.

Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo iliyomkalia kifuani. Salamu ni dua. Mtu humwombea mwenziwe amani, naye hulazimika kumrudishia iliyo sawa na hiyo au nzuri zaidi. Ni nani basi aliyeomba pale, na ni nani aliyeombewa? Baba alikaa juu ya mkeka akiisikiliza amani ambayo hakuna aliyemtakia, na mtambo ukaiandika kuwa ni ufanisi. Na suluhu aliyoisifu yeye katika taarifa yake ilikuwa ni suluhu ya nyumba isiyokaliwa na mtu.

Alisali isha akakaa kwenye msala muda mrefu. Amana mbili alikuwa nazo, na kila moja ilimfunga ulimi. Lakini ulimi wake haukuwa peke yake wenye kuzungumza katika jambo hili. Kivuli kilikuwa kikizungumza kila siku, nacho kilikuwa chake.

Alhamisi, wajumbe wa Baraza walipokwisha kuketi, alisimama akasema, "Waheshimiwa, taarifa yangu ina kosa. Nilihesabu ugomvi, sikuhesabu watu. Kivuli nilikibuni kizibe ufa wa njia, sikukibuni kichukue nafasi ya mtu kutwa nzima. Kwa mamlaka ya mlinzi wa mtambo, leo alasiri nakirudisha kwenye sekunde tatu."

Bwana Kilua alimsogelea, akamnong'oneza, "Mhandisi, watu wakianza kuganda bondeni, watatulaani."

"Waliokwisha kuondoka, Bwana Mkuu, hawatajua kama wameganda. Tutawapigia kengele kwenye vioo vyao. Mwenye kurudi atarudi."

"Na asiyerudi?"

"Angalau mwenziwe atajua kuwa hayupo."

Bwana Kilua alimtazama, kisha akawatazama wajumbe, ambao mmoja wao, mama mtu mzima, alikuwa amekwisha kukitoa kioo chake mkobani akikikodolea macho. Akarudi kitini kwake.

Alasiri ilipotimia, Zaituni aliketi mbele ya ukuta mkubwa unaoonyesha asili ya bonde, akakata kivuli. Katika yale mashamba mia moja ya majaribio, maumbo hamsini na manane yalisimama tuli kwa pamoja. Maji yaliendelea kutiririka miguuni mwao. Hakuwa ametarajia kuwa ni wengi kiasi hicho, na alilitamka jina lake Mola.

Akayatafuta mashamba ya Shebughe. Hiza alisimama kando ya lango lake, uso umeelekea chini. Baba yake alisimama kando ya lake, uso umeelekea juu. Zamu ilikuwa ya Hiza, na zilikuwa zimebaki dakika mbili iishe. Kengele zililia Mtae na Mwezini, ambako Hiza siku hiyo hakuwa ametoka chumbani kwake. Dakika ya kwanza ikapita pasi na mkono kugusa popote.

Ikiwa imebaki nusu dakika, safu ya chanzo ikaandika, upande wa Mwezini: *mkono*. Umbo la Hiza likashusha mabega.

"Baba?" alisema. "Baba, mbona umesimama?"

Kisha ikasikika sauti ya Bi Mwantumu kutoka mbali, "Kushoto. Kushoto zaidi, wewe mzee, hapo ni mtungi!" Na safu ikaandika, upande wa Mtae: *mkono*.

Mkono huo ulipapasa. Uligusa jiwe, ukagusa nyasi, ukagusa maji. Mwishowe ulilipata lango, nalo likafunguka. Mwamuzi alirudisha saa nyuma, akapima, akaandika: shamba la Shebughe wa chini limefunguliwa kabla ya zamu yake, mapigo ishirini na tano.

"*Maji yangu nayachota*," mzee alighani, "*kijana hajatambua...*"

Ubeti haukwisha. Habari ilikuwa imefika Mwezini na kurudi.

"Baba! Umeniibia tena!" Na mara ile ile sauti ya Hiza ikakatika kwa kilio. "Baba, nina neno la kukwambia."

"Nami ninalo, mwanangu. Asalamu alaikum kwanza."

Zaituni aliinuka akaifunga sauti ya mashamba hayo mawili, maana yaliyofuata hayakuwa ya kusikilizwa na mtu wa tatu. Alibakiwa na ukuta ulio kimya. Juu yake taa ndogo ya shitaka ikawaka, nyekundu, ya kwanza katika siku arobaini na tano. Alikaa akiitazama mpaka adhana ya magharibi.

Hiza aliomba kufutiwa sahihi yake ya miaka miwili, na ombi lilichelewa kama yanavyochelewa maombi yote ya maofisini, lakini likakubaliwa. Alishuka kwa chombo cha mwezi wa Shaabani. Walifunga Ramadhani pamoja, Hiza akimwongoza baba yake msikitini na baba akimkosoa mwendo. Alasiri waliketi juu ya mkeka mmoja na vioo viwili, umbali wao ukiwa ni ungo wa maharage, na mzee aliiba maji kwa kupapasa, na akashitakiwa, na akashindwa kesi zote. Katikati ya Mfungo Mosi, baada ya sala ya alfajiri, alijinyoosha kitandani akarudi kwa Mola wake.

Baada ya siku za matanga Zaituni alikwenda Mtae kutoa pole. Alimweleza Hiza jambo ambalo wajibu wake ulimlazimu kulisema. Mtambo ulikuwa bado umehifadhi mazoea ya marehemu, mwendo wake, mkono wake, sauti yake, na Nyumba ilitaka idhini ya mrithi kuyaweka au kuyafuta.

Hiza alinyamaza kwa muda, kwa desturi iliyomkaa ya kungoja neno lifike.

"Yafute, dada," alisema. "Shamba liache."

Yakafutwa. Na hadi leo, ukitazama asili ya Bonde la Mfereji baina ya alasiri na magharibi, utamwona Hiza Abdurabi amesimama kwenye lango lake. Zamu yake ikikaribia kwisha, hulifunga mapema, huyaacha maji yateremke kwenye shamba la chini ambalo halina mwenyewe, naye husimama akihesabu kimoyomoyo. Mwamuzi huandika kuwa amepoteza mapigo ishirini na tano. Hajapata kushitaki.

Ewe Mola, mrehemu aliyetangulia, na kaburi lake ulinyweshe maji yasiyo na zamu. Na wale waliobaki, wa karibu na wa mbali, wajaalie mikono yenye kugusana na ndimi zenye kusalimiana zenyewe, na uwafikishie salamu zao kabla hawajachelewa. Amina.